Karata Mezani pa Wafanyakazi

Sakania ni mji wa mpaka. Reli iliyotoka kusini iliufikia mwaka 1909, ikaendelea hata Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Tangu siku zile mji huu una makarani wengi, wa reli na wa forodha. Watu wa makabila mbalimbali huketi chumba kimoja kutwa nzima, wakiandika, wakihesabu na kupiga mihuri. Si ajabu basi Jumamosi jioni wakitamani kuketi pamoja tena, lakini bila kalamu mkononi. Ndipo mmoja anasema: «Tufanye mashindano ya karata, tucheze poka, sisi wenyewe wa biro.» Na mkristu anayeombwa kuyatengeneza anajiuliza moyoni: Je, ni halali?

Wasomaji wapendwa, jibu la Kanisa lina sehemu mbili, wala haifai kushika moja na kuiacha ya pili. Katekisimu iliyotangazwa mwaka 1992 yafundisha, katika namba 2413, kwamba michezo ya bahati si kinyume cha haki kwa yenyewe. Lakini huwa mibaya inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wale anaowalisha. Tena yaonya kwamba tamaa ya kucheza yaweza kumfanya mtu kuwa mtumwa. Mitume walipiga kura, akapatikana Matia mahali pa Yuda. Askari nao walipiga kura chini ya msalaba, wapate vazi la Bwana wetu Yezu Kristu. Kura ilikuwa kura, huku na huku. Bali Mitume walianza kwa kusali, na askari walitafuta faida mbele ya mtu anayekufa.

Watakatifu nao waliijua meza hii. Mtakatifu Yohane Bosko, ambaye wanawe Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911, alicheza karata katika ujana wake, wala hakuwa hodari sana, bali mwenye bahati. Mwenyewe ameandika kwamba karibu kila mara alishinda, na mikono yake ikajaa fedha. Lakini alipowaona wenzake wana huzuni kwa kushindwa, yeye alihuzunika kuliko wao. Zaidi ya hayo, alipokuwa akisoma au kusali, picha za karata zilimjia akilini. Basi mwaka 1836, akiwa seminarini Chieri, aliuacha mchezo huo. Hakusema kwamba karata ni shetani. Alitazama nyuso za wenzake, akatazama na sala yake, akaamua.

Mwenye kutengeneza mashindano na apime kwa vipimo hivyo viwili. Kwanza, fedha. Katika poka watu huweka dau, na anayeshinda hukusanya la wote. Lakini yawezekana kabisa kucheza kwa kete tu. Kila mmoja apewe kete sawasawa, punje za mahindi zatosha. Zikimwisha, ametoka, wala hazinunuliwi nyingine. Kama kuna mchango, uwe mdogo, sawa kwa wote, wa kununua kinywaji na kuku wa mshindi. Saa ya kumaliza itajwe mapema. Mshahara wa mwezi usiguswe, na fedha za sanduku la biro zisikaribiwe hata kwa mkopo wa usiku mmoja. Unga wa watoto haukuwekwa mezani na watoto wenyewe.

Pili, uhuru. Mkubwa wa kazi akialika, mdogo huogopa kukataa. Basi na isemwe wazi kwamba asiyetaka kucheza hapotezi kitu, wala hatachekwa siku ya Jumatatu.

Tatu, ukweli. Katika poka mtu mwenye karata dhaifu hujifanya ana nguvu, ili wengine waogope. Huo si uwongo wenye dhambi, kwa kuwa wote wamekubali, kila mmoja akijua kwamba mwenzake anaficha. Lakini kuficha karata katika mkono wa shati, au kupeana ishara na rafiki, ni wizi na kuvunja amri ya saba. Tena uso ule wa kujificha ubaki mezani. Karani asiende nao mbele ya mkewe, wala mbele ya mwenye mizigo anayeuliza kiasi cha ushuru wake.

Hapo ndipo penye hatari kubwa ya mji wa mpaka. Tuseme wakala wa malori ameomba kuketi pamoja na watu wa forodha. Anacheza vibaya sana, anapoteza fedha nyingi, naye anacheka. Kesho yake makaratasi ya lori lake yanafika juu ya meza ya yule aliyeshinda. Je, hiyo ni bahati? Hapana, ni rushwa iliyovaa nguo za mchezo. Basi mashindano ya biro yawe ya watu wa biro peke yao.

Mwisho, ndugu dhaifu. Karibu kila kazini yupo mmoja ambaye akianza hawezi kuacha. Camillus de Lellis, askari kijana, alipoteza yote aliyokuwa nayo kwa kamari, akabaki maskini. Baadaye neema ya Mungu ilimwinua awe mtumishi mtakatifu wa wagonjwa. Mtakatifu Paulo aliwaambia Wakorinto kwamba angeacha kula nyama milele kuliko kumkwaza ndugu yake. Nyama ilikuwa halali, lakini roho ya ndugu ina thamani zaidi. Kwa ajili ya mmoja huyo, karata zifungwe, ukaletwe mpira au ngoma. Hakuna atakayepungukiwa.

Furaha ya wafanyakazi ni kitu chema, na Mungu anaipenda. Jumamosi usiku, wageni wakiisha kwenda zao, mwenye nyumba na ahesabu, si kete, bali watu: Je, kila mmoja amerudi kwake na amani yake, na posho ya jamaa yake mfukoni? Kama ndivyo, Jumapili asubuhi wataketi tena pamoja, mbele ya meza ya Bwana.