Tarehe Moja Haina Upako



Mwezi wa Novemba ukifika kuna sentensi moja ambayo mimi huisikia kila mahali. Naisikia kwa chama, naisikia kwa matatu, naisikia hata hapa kanisani baada ya ibada tukinywa chai: "Wacha mwaka uishe kwanza." Mtu anataka kuacha pombe, lakini wacha mwaka uishe. Mwingine anataka kurudi kwa ushirika wa nyumbani, lakini wacha mwaka uishe. Wengine wameshagawa kabisa: Desemba ni ya kula, Januari ni ya Mungu.

Siwacheki. Mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Mnajua kila Kesha la tarehe 31 Desemba tunaandika malengo yetu kwa karatasi na kuyaleta mbele tuyaombee. Mimi huandika yangu kwa daftari kwanza. Wiki mbili zilizopita nilikuwa natafuta mahubiri ya zamani kwenye hilo daftari nikakutana na orodha zangu tatu, za miaka mitatu mfululizo. Malengo mengine yamebadilika. Lakini namba nne ni ile ile mara tatu, karibu kwa maneno yale yale: "Kumaliza lile jambo na kaka."

Jambo lenyewe ni hili. Kabla sijaingia katika huduma nilikuwa nimemaliza digrii ya biashara na nikajiona mfanyabiashara. Nilikopa kaka yangu mkubwa shilingi 60,000 nifuge kuku. Ugonjwa ukaingia, na kwa muda wa wiki moja banda likabaki tupu. Kupoteza kuku si dhambi. Kosa lilianza baadaye, kaka alipopiga simu na mimi nikaiangalia ikilia mpaka ikanyamaza. Nilijiambia nitampigia nikiwa na kitu mkononi. Halafu nikasema nitampigia Januari. Hiyo Januari imekuja mara tatu, na katika hiyo miaka mitatu nimesimama hapo madhabahuni nikiwafundisha ninyi juu ya msamaha na upatanisho.

Kwa hivyo swali ninalouliza leo naliuliza nikiwa ndani yake. Kuahirisha jambo jema, je, ni udhaifu tu wa kibinadamu, ama ni kosa la kweli?

Kuna mtu ataniambia, "Pasta, hata Biblia inasema kila jambo lina wakati wake." Ni kweli. Na Bwana Yesu katika Luka 14 alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba anaketi kwanza apige hesabu. Mimi nimesomea kupanga, siwezi kupinga kupanga. Lakini kungoja na kuahirisha si kitu kimoja. Mkulima anangoja mvua kwa sababu mvua inaleta kitu ambacho yeye hana. Na hata akingoja, shamba lake ameshalilima. Sasa jiulize kuhusu lengo lako: tarehe moja Januari italeta nini ambacho leo sina? Kama ni karo, na mshahara unaingia mwisho wa mwezi, ngoja, hapo una sababu. Lakini kama ni kuomba asubuhi, kuomba msamaha, kuacha sigara au kuwacha kumpigia mke wako kelele, tarehe moja haileti chochote. Tena sisi Wakenya tunajua inachopunguza. Si bure tunaiita Njaanuari.

Hiyo tarehe yenyewe ni makubaliano ya watu tu. Uingereza ilianza kuhesabu mwaka rasmi kutoka 1 Januari mnamo 1752. Kabla ya hapo mwaka wao wa kisheria ulianza 25 Machi. Majirani zetu Ethiopia wanaingia mwaka mpya mwezi wa Septemba. Serikali yetu hapa Kenya inafungua mwaka wake wa fedha 1 Julai. Tarehe moja haina upako, wapendwa. Someni Kutoka 12. Mungu aliwaambia Waisraeli kwamba mwezi ule wa kutoka Misri ndio utakuwa wa kwanza kwao. Wokovu ulikuja, na kalenda ikapangwa kuufuata. Sisi tumegeuza: tunaketi Misri tukingoja kalenda itutoe.

Kwa nini basi tunaipenda sana Januari? Darasani tulifundishwa kwamba huwezi kuandika mapato kabla hujauza. Ukifanya hivyo, vitabu vitapendeza lakini duka halina pesa. Azimio la Januari linafanya kazi hivyo hivyo. Siku ile ninapoandika "nitamaliza jambo na kaka", moyo unatulia kana kwamba nimelimaliza. Nimepata ile raha ya kuwa mtu mzuri, na sijalipa hata shilingi moja. Hiyo raha ndiyo iliyonifanya nikae miaka mitatu.

Tena anayelipa mara nyingi si mimi. Kumbukeni liwali Feliki katika Matendo 24. Paulo alipozungumza naye juu ya haki, kiasi na hukumu inayokuja, Feliki aliingiwa na hofu. Neno lilimgusa. Lakini akamwambia Paulo aende kwanza, atamwita wakati mwingine. Sisi tukihubiri hapo huwa tunamhurumia Feliki, kwamba alipoteza nafasi yake. Mimi safari hii nimemwangalia Paulo. Miaka miwili ilipita, Feliki akatoka ofisini, Festo akaingia, na Paulo bado amefungwa. Feliki aliahirisha, na Paulo ndiye aliyekaa gerezani.

Angalia hilo nyumbani kwako. Baba anayesema ataacha pombe Januari, ni nani anayelala njaa hii Desemba? Mama anayesema atazungumza na binti yake mwaka ukiisha, huyo binti anamwambia nani shida zake wiki hii? Yakobo 4:17 inafunza kwamba kujua lililo jema na kutolitenda ni dhambi kwa huyo anayejua. Zamani niliona hilo neno ni kali sana. Sasa naelewa: jema nisilolitenda lina mtu analolingoja.

Jumanne iliyopita nilituma shilingi 3,000 kwa M-Pesa, halafu nikapiga simu kabla hofu haijarudi. Kaka akashika.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, kaka. Nisamehe. Nimetuma kidogo. Zingine nitakuwa nikituma kila mwezi."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kijana, mimi si pesa nilikuwa nangoja. Ni simu."

Wapendwa, sikuweza kujibu. Tulipoendelea kuongea nikasikia mtoto nyuma akikimbia. Ni kitinda mimba wake, mwenye jina la marehemu baba yetu. Nilijua amezaliwa, mama aliniambia. Lakini sijawahi kumbeba, na sasa anatembea mwenyewe. Kaka amenisamehe. Mungu amenisamehe. Deni bado liko, shilingi 57,000, na nitalilipa. Lakini ile miezi ya kumbeba huyo mtoto imeenda, na hakuna Januari itakayoirudisha.

Basi tufanye nini? Mimi naomba tusingoje Kesha. Kabla ya Jumapili ijayo chagua jambo moja tu, si kumi. Kisha fanya kipande chake kidogo kabisa. Kama ni kuomba, anza na dakika tano wakati chai ya asubuhi inachemka. Kama ni deni, tuma shilingi mia mbili na upige simu. Kama ni pombe, mwambie mzee mmoja wa kanisa leo, na umpe ruhusa akuulize kila jioni.

Na ukianguka siku moja usiseme basi nitaanza Januari. Kuna utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010. Waliwafuatilia watu waliojaribu kujenga tabia mpya, wakaona ilichukua wastani wa siku 66 mpaka ijiendeshe yenyewe. Wengine walihitaji siku 18 tu, na wengine ilikadiriwa zaidi ya 250. Tena kukosa siku moja hakukuharibu kazi yote. Kumbe hata wasomi wamegundua kuna neema. Piga hesabu: ukianza wiki hii, hizo siku 66 zitaisha Januari, wakati wengine ndio wanatafuta kalamu waandike orodha.

Na tusijidanganye kwamba ni nguvu zetu. Mimi nguvu zangu zilishindwa na simu inayolia. Nilipiga magoti nikamwambia Mungu ukweli, kwamba naona aibu, na Roho Mtakatifu akanisaidia kubonyeza namba. Msaada huo uko hata Novemba.

Mwaka huu kwenye Kesha bado tutaleta karatasi zetu mbele. Naomba yako iwe na angalau mstari mmoja uliokwisha kuanza, tuje tumshukuru Mungu kwa huo kwanza. Kama unahitaji mtu wa kuomba naye kabla hujapiga hiyo simu, mimi niko kanisani Jumatano jioni baada ya maombi. Njoo tu. Sitakuuliza kwa nini ulichelewa.