Utamu wa Huzuni: Suala la Maadili katika Nyimbo za Wanyika

Makala haya yanachunguza swali moja la kimaadili: je, ni haki machungu ya mtu yatiwe utamu hadi yachezewe dansi? Swali hili si geni. Plato, katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, alizikataa lahani za maombolezo kwa hoja kwamba hulegeza nafsi. Aristotle, akizungumzia tanzia, aliona kwamba huruma na hofu zinazoamshwa na sanaa hutakaswa. Wote wawili waliuliza sanaa inamtendea nini msikilizaji. Hawakuuliza inamtendea nini yule ambaye machungu ni yake.

Mfano unaofaa kulipima suala hili ni Simba Wanyika. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walianzia muziki Tanga katika Jamhuri Jazz Band, wakapitia Arusha, kisha mwaka 1971 wakaanzisha bendi iliyokuja kupata umaarufu wake Kenya, hususan Nairobi. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao walijitenga na kuunda Les Wanyika. Mwaka 1992, bendi ikiwa tayari ya wakongwe, albamu yao Pepea ilitolewa na kampuni ya Uholanzi. George alifariki mwishoni mwa mwaka huohuo, Wilson akamfuata mwaka 1995, na bendi ikazimika.

Miongoni mwa nyimbo za bendi hiyo umo Dunia Haina Wema. Anwani yake pekee inazua utata. Kauli kwamba dunia haina wema inaimbwa kwa sauti zinazopokezana kwa upole, huku gitaa moja likilijibu jingine bila haraka. Je, fani haiyakanushi maudhui? Wahakiki wa Kiswahili waliowahi kuvilinganisha viwili hivi na kikombe na chai wangesema kwamba chai chungu imetiwa katika kikombe kizuri, basi. Waliovilinganisha na pande mbili za sarafu wana kazi ngumu zaidi, kwani hapa kila upande unaonekana kutaja thamani tofauti.

Utata huo unapungua iwapo itakumbukwa kwamba kulalama si sawa na kutoa taarifa. Anayelalama humwendea mtu; hudhani kwamba yupo wa kumsikiliza. Aliyekata tamaa kabisa hunyamaza. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi, aliusemesha moyo wake juu ya magofu ya Pate kwa beti zilizopimwa mizani kwa uangalifu mkubwa, wala hakuna aliyemshutumu kwa kuyafanyia mzaha maangamizi yale. Maiti huoshwa, hutiwa kafuri na kuvishwa sanda safi. Hayo hayafanywi ili kukificha kifo, bali ili kumstahi aliyekufa. Utamu wa lahani una kazi kama hiyo: huyastahi machungu.

Hata hivyo, hoja hii haitoshi. Katika Sina Makosa, wimbo maarufu wa Les Wanyika, msemaji anajitetea mbele ya bwana mwenye hasira, akidai kwamba kila mmoja ana wake nyumbani na hivyo lawama hazina msingi. Walio nyumbani wanatajwa, lakini hawasemi. Msikilizaji naye, akiwa amekwisha kutekwa na magitaa, humwachilia mshtakiwa kabla ya kusikiliza upande wa pili. Hapa utamu haukustahi tu machungu, umenunua hukumu. Kwa hiyo uzuri wa wimbo wa huzuni hauna budi kupimwa kwa kigezo hiki: je, unamwachia msikilizaji nafasi ya kuuliza ni nani ambaye hakusikika?

Kigezo hicho kinahitaji maneno yaeleweke, na hapo ndipo Pepea inapokuwa na uzito. Kwa msikilizaji wa Uholanzi asiyejua Kiswahili, malalamiko hayakufika. Kilichofika ni sauti tamu. Alipewa sarafu yenye upande mmoja, na si kosa lake. Lakini yuko msikilizaji mwingine, anayejua kila neno. Akiketi leo katika ukumbi wa Westlands, nyimbo hizi zikichezwa kwa jina la zilizopendwa, huimba pamoja nazo kuwa dunia haina wema, kisha humpita bawabu mlangoni bila kumtazama. Huyu ameambiwa. Kwake yeye huzuni imekuwa kumbukumbu ya ujana tu, na hatia ya utamu, kama ipo, ni yake kuliko ya mtunzi.

Inafuata kwamba mhakiki ana wajibu. Madhali nyimbo za dansi zimeachwa nje ya darasa la ushairi, zitaendelea kusikika bila kusikilizwa. Kuzichambua kwa makini uleule unaopewa utenzi hakutazipunguzia utamu. Kutayarudisha maneno mbele ya gitaa, na kumfanya anayecheza ajue analicheza jambo gani.