Mchezo Darasani, Je, ni Haki?

Wazazi wengi wakisikia kicheko darasani husema, "Mwalimu yule ni mvivu, watoto wanacheza tu." Na walimu wengine hujibu kwamba mtoto hajifunzi ila kwa kucheza. Maneno hayo yote mawili siyakubali, nami nataka kuyapima kwa habari ya watoto wa Japani wanaofundishwa Kiingereza, lugha iliyo ngeni kwao kama ilivyo ngeni kwetu.

Tangu mwaka 1987 serikali ya Japani huwaita vijana wa ng'ambo waliomaliza chuo kikuu, waende kuwasaidia walimu wenyeji. Na tangu mwaka 2020 Kiingereza ni somo kamili kwa watoto wa darasa la tano na la sita. Kijana afikapo huko, pengine hajui neno la Kijapani, husimama mbele ya watoto wasiojua neno la kwake. Afanye nini? Hutia vitu katika mfuko wa nguo: kijiko, ufunguo, ndimu, kipande cha chaki. Mtoto huingiza mkono, hupapasa pasipo kutazama, kisha hutaja kwa Kiingereza jina la alichokishika. Mambo haya hayana gharama, hata kijijini kwetu yafaa. Wala kufundisha kwa vitu si jambo jipya: Comenius, askofu wa kanisa la Ndugu, alitoa mwaka 1658 kitabu cha picha ili watoto wajifunze Kilatini kwa kuitazama dunia.

Lakini mchezo mmoja upendwao sana huko ni wa kadi, uitwao karuta. Jina hili Wajapani walilipokea kwa Wareno, kama sisi tulivyolipokea neno letu karata. Basi neno moja limefika pande mbili za dunia kwa merikebu za watu wale wale. Picha hutandazwa mezani, watoto huweka mikono kichwani. Mwalimu hutaja neno, na wa kwanza kuipiga picha yake kwa kiganja huichukua. Darasa hujaa kelele na furaha.

Hapo ndipo penye shaka yangu. Mtoto mwepesi huchukua kadi kumi na mbili, mzito huondoka mikono mitupu. Pengine neno alilijua, bali mkono ulichelewa. Na kwa kuwa ni mchezo, hawezi kulalamika, akilia, wenzake humwambia, "Si mchezo tu?" Fimbo huacha alama, mzazi akaiona jioni. Aibu ya mchezo nani ataiona?

Mimi mwenyewe shuleni nilivikwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani. Kibao kile kilihama shingo hata shingo, nasi watoto tukakifanya mchezo: tulimtega mwenzetu atamke neno la kwao, ili tumvike yeye. Tulicheka sana. Kiingereza nilikipata, sikatai. Lakini nilijifunza pia kumwinda rafiki yangu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mchezo fulani ni mwema kwa kuwa watoto wanacheka, mimi humwuliza ni yupi asiyecheka.

Mtu atasema, "Maisha yenyewe ni mashindano, na mtihani waja." Kweli, lakini mtihani husema wazi kwamba ni mtihani, na mtoto hujiweka tayari. Mchezo humwita kwa ahadi ya furaha, na ahadi ni deni, hata kwa mtoto wa mwisho aketiye karibu na mlango.

Sisemi karata ziachwe. Mimi huzitandaza, lakini meza nzima hushindana na hesabu yangu: wakizikusanya zote kabla sijafika hamsini, wameshinda wote, na kila mmoja lazima achukue moja kabla mwingine hajachukua ya pili. Basi wale wepesi, badala ya kunyakua, humnong'oneza mzito. Kadi nimezikata katika maboksi ya sabuni, na picha wamechora wao wenyewe. Ng'ombe wetu ana miguu mitano, na jina lake la Kiingereza hakuna aliyelisahau.