Imeniponyoka

Kuna maswali ya maadili yamejificha ndani ya sarufi, na mara nyingi huyaoni mpaka ujifunze lugha ya wenzio. Mimi nilianza kuyaona nilipoanza kujifunza Kihispania.

Glasi ikimtoka Mwingereza mkononi, kwa kawaida atasema ameivunja. Mhispania atasema "se me rompió". Glasi imevunjika, lakini kile kineno "me" kinamweka yeye mlemle kwenye sentensi: imemvunjikia. Mwaka 2011 watafiti Caitlin Fausey na Lera Boroditsky walichapisha matokeo ya kuwaonyesha wasemaji wa lugha hizi mbili video za matukio ya kukusudia na ya bahati mbaya. Kwenye ya kukusudia, wote walimkumbuka mtendaji sawasawa. Kwenye ya bahati mbaya, wasemaji wa Kihispania walimkumbuka kidogo kuliko wenzao.

Sisi wa Tanga mambo haya tumekua nayo. Mtoto akiulizwa habari za sahani, hujibu "imevunjika". Mama naye humgeukia: "Kwani ina miguu?" Mama haombi adhabu. Anachotaka ni mtu aonekane kwenye maneno. Na Kiswahili kinayo njia ya kumwonyesha bila kumsingizia nia mbaya: "imeniponyoka". Sikukusudia, lakini ilikuwa mkononi mwangu.

Sasa tutoke jikoni twende mashambani. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Asili yake ni Yucatán, Mexico, nchi ya Kihispania hichohicho, na jina "sisal" ni la bandari ya huko. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hazikufika hata 30,000. Ukiuliza Tanga kulitokea nini, utaambiwa: "Mkonge ulikufa."

Ulikufa wenyewe? Kamba za plastiki ziliingia sokoni, bei ikaanguka, na hilo halikuwa mikononi mwetu. Lakini mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa, na kuanzia hapo kulikuwa na watu walioamua nini kipandwe, nani asimamie, mashine ipi itengenezwe na ipi iachwe ioze. Neno "ulikufa" linawasitiri wote hao, na wale manamba waliokata mkonge miaka yote nao linawafuta, kana kwamba hawakupoteza kitu.

Mtu atasema, maneno hayaunganishi sahani. Kweli, hayaungi. Lakini ndiyo yanayoamua vigae ataviokota nani. Jirani kumwambia jirani "imevunjika" ni stara, na stara ni jambo jema. Mwenye dhamana ya mali ya umma akitumia neno hilohilo, amejipa msamaha ambao hakuna aliyempa.

Kihispania husema "se nos murió", na sisi tunayo kauli yake kamili, haihitaji kukopwa: mkonge ulitufia mikononi. Ukisema hivyo, anayekusikiliza ana haki ya kuuliza: mikononi mwa nani?