RAMADHANI, SIKU YA 12: Paka Akibadilika Ghafla



Paka wako mpole leo kakuparura. Ukimgusa anafoka, anakimbilia uvunguni. Mkono wako unatafuta kandambili. Ngoja kwanza.

Paka haandikiwi dhambi. Maumivu huyaficha mpaka yamzidi, na hapo kucha ndiyo kauli yake. Huenda jino limeoza, ana jipu la kung'atwa, au kamwona paka mgeni dirishani, hasira zikaishia kwako. Na dume akichuchumaa mkojo hautoki, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo. Mkojo ukiziba, siku mbili tatu anaweza kufa.

Sisi tukimkaripia mtu saa kumi jioni tunasema, "Nivumilie, nimefunga." Paka udhuru wake hawezi kuutamka. Basi nani amtafutie?

Katika Bukhari na Muslim yumo mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Kosa lililotajwa pale si kipigo: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie.

Leo kabla ya futari, mwangalie wako. Amekula? Amekunywa? Amekojoa?

Allah atupe macho ya kuona maumivu yasiyo na maneno, ya wanyama na ya watu wa nyumbani kwetu. Aamin. 🤲