Malkia wa Chungu Gizani



Kitabu cha Mithali (6:6-8) chatupeleka kwa chungu ili tujifunze bidii. Leo twende kwa mama yao, tujifunze saburi.

Huko Uingereza, siku za joto za Julai na Agosti, malkia wapya wa chungu weusi wa bustani huruka kukutana na madume. Wakiisha kushuka, huyang'oa mabawa yao wenyewe, wala hawaruki tena. Wako watu wanaowaokota na kuwafuga. Malkia hutiwa katika kichupa chembamba cha kioo: ndani kabisa mna maji yaliyozuiwa kwa pamba, na mdomoni pamba nyingine. Kisha kichupa huwekwa gizani. Malkia hapewi chakula. Misuli iliyokuwa ikiendesha mabawa huyeyuka mwilini mwake, naye huishi kwa nguvu hiyo na kuwalisha watoto wake wa kwanza. Baada ya majuma sita hadi kumi hivi, kwa kadiri ya joto, hutokea watenda kazi wachache, wadogo sana. Hao ndio mwanzo wa kundi la maelfu.

Ni nani awezaye kuiharibu kazi hii? Ni yule yule mwenye kichupa. Akikitoa mwangani kila siku na kukitikisa ili ahesabu mayai, malkia hufadhaika, na huenda akayala mayai yake mwenyewe.

Ndugu, tuonapo kusanyiko changa linalosali chini ya mti, ni rahisi kuuliza: Wako wangapi? Sadaka yao kiasi gani? Mbona hawajajenga? Na kijana aliyetubu juzi, ni rahisi kumchungulia kila juma kama ameanguka. Lakini katika Marko 4:26-29 Bwana asimulia habari za mbegu iliyoota, na mpanzi asijue imekuaje.

Wala kuacha si kutupa. Maji yalitangulia kuwekwa. Basi tuwape walio wachanga Neno, Sakramenti na maombi yetu, kisha tuiondoe mikono yetu, Mungu afanye yake.

Malkia mmoja wa aina hiyo, aliyefugwa, aliishi karibu miaka 29. Kundi lake lingaliweza kupotea katika mwezi wa kwanza, kwa haraka ya mfugaji tu.

Bwana atujalie saburi. Amina.