Adam Smith na gunia la lumbesa

Wapo wanaomtaja Adam Smith kila wanapotaka kuihalalisha tamaa yao. Soko ni huria, wanasema, kila mtu na lake. Nimevisoma vitabu vyake viwili, na naona Mskoti huyu amesingiziwa mengi.

Smith alikuwa mwalimu wa falsafa ya maadili katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1759, kinauliza kwa nini binadamu huguswa na maumivu ya mwenzake. Humo anaeleza kwamba kila mmoja wetu ana shahidi nafsini, asiye na upendeleo, anayetutazama hata tukiwa peke yetu. Kile cha utajiri wa mataifa kilifuata mwaka 1776. Ni kweli, humo anasema muuza nyama na mwoka mikate hawatulishi kwa huruma bali kwa kujitafutia riziki. Lakini humo humo anaonya kwamba wafanyabiashara wa aina moja hawakutani mara nyingi bila kuishia kula njama ya kupandisha bei, na kwamba waajiri huungana kimya kimya kubana ujira. Wema kwake ni pambo la jengo. Haki ndiyo nguzo.

Namkumbuka nionapo lumbesa. Mkulima wa viazi anauza kwa gunia. Mnunuzi anashonea kipande juu, viazi vinapandishwa hadi gunia linaota kichogo, na bei inabaki ya gunia moja. Mlaji wa mjini atapimiwa viazi hivyo hivyo kwa kilo. Mkulima hakushikiwa panga, amekubali mwenyewe. Amekubali kwa kuwa viazi vinaoza, lori ni moja, na deni la mbolea halingoji. Hiari ya namna hiyo ina walakini.

Sheria ya vipimo ipo, na wakaguzi wapo, ila hawawezi kusimama kila shamba. Wasipofika wao, amebaki yule shahidi wa nafsini, naye hunyamazishwa taratibu. Mwaka 1790, mwaka aliofariki, Smith alitoa toleo jipya la kitabu chake cha kwanza, akiongeza sura inayosema kwamba kuwatukuza matajiri na kuwadharau maskini ndiko hasa kunakoharibu maadili yetu. Nasi tunamshangilia kijana aliyenunua lori la Fuso bila kumuuliza aliwapimia vipi wakulima. Shangwe hizo ndizo zinazomfundisha mwenzake kushona lumbesa.